Mkanda upi kwa theluji ipi? Mwongozo wa pikipiki za theluji Uswidi na Ufini

Kuanzia mwezi wa Februari hadi baada ya Pasaka, kwenye barabara zinazovuka mpaka kutoka Norwei kuingia Uswidi na Ufini huonekana magari mengi yakivuta trela zilizobeba pikipiki za theluji. Sababu yake ni ya kisheria. Sheria ya Norwei ya mwaka 1977 inapiga marufuku, kama kanuni ya jumla, uendeshaji wa vyombo vya moto nje ya barabara. Ingawa tangu mwaka 2015 manispaa zimeruhusiwa kufungua njia za burudani, wengi bado huona kwamba ng'ambo ya mpaka kuna nafasi kubwa zaidi.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizopata makazi katika miji ya kaskazini, chombo hiki huwa kigeni mwanzoni. Lakini haupiti muda kabla ya jirani au mfanyakazi mwenza kutoa mwaliko wa kwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda, na baada ya mialiko miwili mitatu huja wazo la kununua pikipiki yao wenyewe.

Mnunuzi anayeingia dukani Kiruna au Rovaniemi kwa mara ya kwanza kwa kawaida huuliza kuhusu nguvu ya injini, bei na mwaka wa kutengenezwa. Ni nadra kuuliza kuhusu mkanda wa mpira unaozunguka chini ya kiti. Hata hivyo, mkanda huo ndio unaoamua kama pikipiki itapita juu ya theluji au itazama ndani yake, na kama mpandaji atarudi nyumbani jioni hiyo au atabaki kusubiri waokoaji katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri.

Mkanda ni kitu gani

Pikipiki ya theluji haina magurudumu ya kuisukuma juu ya ardhi. Mbele ina skii mbili za kuielekeza. Nyuma huzunguka mkanda mpana wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi na fito ngumu. Injini huuzungusha mkanda huo kwa spoketi, kama spoketi ya pikipiki ya kawaida inavyoizungusha cheni. Uso wake wa nje una safu za meno ya mpira, mithili ya kashata za tairi la trekta.

Asili ya mpangilio huu ni jimbo la Quebec nchini Kanada. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, Joseph-Armand Bombardier, fundi wa mji wa Valcourt, alimpoteza mwanawe mdogo aliyekuwa mgonjwa. Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji na haikuwezekana kumfikisha hospitali. Bombardier aliendelea na majaribio yake, na mwaka 1937 akapata hataza ya mfumo wa spoketi na mkanda. Mwaka 1959 pikipiki ndogo iliyoitwa Ski-Doo ikaingia sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashine hizo zilifika Lapland ya Ufini, na katika muda usiozidi sana muongo mmoja wafugaji wa reinidia wakawa wameacha kwa kiasi kikubwa sleji zilizovutwa na wanyama. Leo pikipiki za aina ya Lynx huundwa Rovaniemi, mji mkuu wa Lapland.

Vipimo vinne

Mkanda hutambulika kwa vipimo vinne. Cha kwanza ni urefu, unaopimwa kwa kuuzunguka mkanda wote. Madukani hutajwa kwa inchi: mifupi huwa na inchi 121 hadi 129, yaani sentimita 307 hadi 328, ya kati inchi 137 hadi 146, na mirefu inchi 154 hadi 174 au zaidi. Cha pili ni upana: sentimita 38 hadi 41 kwa pikipiki nyingi za burudani, na 51 au 61 kwa pikipiki za kazi. Cha tatu ni kimo cha meno, kuanzia takribani milimita 25 hadi 76. Cha nne ni nafasi iliyopo kati ya safu moja ya meno na nyingine.

Urefu na upana huamua jinsi uzito unavyotandazwa. Hesabu rahisi inaonyesha jambo hili. Pikipiki ya kilo 270 yenye mpandaji wa kilo 80 ina jumla ya kilo 350. Ikiwa mkanda wake wa sentimita 38 unagusa chini kwa urefu wa sentimita 120, na tukiacha kando sehemu ya uzito inayobebwa na skii, kila sentimita ya mraba hubeba takribani gramu 77. Pikipiki ya kazi huwa nzito zaidi; pamoja na mpandaji yaweza kufika kilo 410. Lakini ikiwa mkanda wake wa sentimita 61 unagusa chini kwa urefu wa sentimita 150, mzigo kwa kila sentimita ya mraba hushuka hadi takribani gramu 45.

Ulinganisho wa tatu ndio unaopaswa kukumbukwa zaidi. Mtu mwenye kilo 80 aliyesimama kwa miguu miwili hukandamiza theluji kwa takribani gramu 200 kwa kila sentimita ya mraba, yaani zaidi ya pikipiki zote mbili. Kwa hiyo mahali ambapo pikipiki imepita bila taabu, mpandaji akishuka anaweza kuzama hadi kiunoni. Ikiharibika au ikikwama kilomita kumi kutoka barabarani, kutembea kurudi ni jambo lisilowezekana bila skii au viatu vya theluji. Ndiyo maana wenyeji huvifunga vifaa hivyo kwenye pikipiki hata kwa safari fupi.

Theluji si moja

Kiswahili kina maneno mawili, theluji na barafu, na kwa nchi ambako theluji huonekana kwenye vilele vya Kilimanjaro na Rwenzori hayo yametosha. Wasami, ambao nchi yao ya asili inapita juu ya mipaka ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, wana msamiati mpana kwa sababu riziki ya mfugaji hutegemea kujua reinidia wataweza kuchimba wapi ili wale. Kwa Kisami cha Kaskazini, vahca ni theluji mpya, nyepesi, iliyolala juu ya ile ya zamani. Čearga ni theluji iliyoshindiliwa na upepo hadi ikawa ngumu. Seaŋáš ni chembechembe zinazofanana na sukari, zisizoshikamana, chini kabisa karibu na ardhi. Cuoŋu ni ganda gumu la majira ya kuchipua linaloweza kumbeba mtu. Soavli ni theluji iliyolowa maji kupita kiasi.

Tofauti hizi zinapimika. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya iliyo kavu yaweza kuwa na uzito usiofika kilo 100, ilhali iliyopigwa na upepo huweza kuzidi kilo 300 na ile ya majimaji kuzidi 400. Hakuna mkanda mmoja unaofanya kazi sawasawa katika hali zote hizo.

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wana mfano unaofaa. Penye maji mafupi, mwenye mtumbwi hutumia pondo: huichoma chini na kujisukuma. Penye kina, pondo haifiki chini, naye hushika kasia, ambalo husukuma maji yenyewe. Meno ya mkanda yana kazi hizo mbili. Juu ya theluji ngumu hufanya kazi ya pondo, yakiuma kitu kigumu. Ndani ya theluji laini yenye kina hufanya kazi ya kasia, yakiisukuma theluji nyuma.

Theluji iliyoshindiliwa na barafu

Njia rasmi za pikipiki za theluji nchini Uswidi na Ufini husawazishwa kwa mashine, na uso wake huwa mgumu. Hapa unafaa mkanda mfupi au wa kati, wa inchi 121 hadi 137, wenye meno ya milimita 25 hadi 32 yaliyo magumu kiasi. Mkanda wa namna hii hugeuka kwa wepesi, hufunga breki vizuri na hautumii mafuta mengi.

Anayepita humo na mkanda mrefu wenye meno marefu na laini hupata hasara tatu. Pikipiki hukataa kukata kona kwa sababu sehemu kubwa ya mkanda imeshikilia njia. Meno hupinda badala ya kuuma, hivyo breki hupungua nguvu. Tena hulika haraka, na mengine hukatika.

Juu ya barafu tupu ya ziwa hata meno mafupi hayatoshi. Wapo wanaofunga misumari maalumu ya chuma inayochomoza kidogo kupita meno, au kununua mkanda uliotoka kiwandani ukiwa nayo. Misumari huongeza uwezo wa kusimama, lakini ina gharama: huharibu sakafu na lami, na msumari ukichomoka waweza kumjeruhi aliye nyuma.

Barafu ina hatari nyingine isiyoonekana. Pikipiki nyingi za kisasa hupozwa kwa theluji inayorushwa na mkanda kuelekea kwenye vipozeo vilivyo chini ya mwili wa pikipiki. Theluji hiyo hiyo hulainisha reli za plastiki ambazo mkanda huteleza juu yake. Pasipokuwa na theluji ya kurushwa, injini hupata joto kupita kiasi na plastiki huanza kuyeyuka. Kwa sababu hiyo wenyeji hufunga vikwaruzo, yaani vyuma vidogo vinavyoparuza barafu na kurusha vumbi lake kwenye mkanda.

Theluji laini yenye kina

Katika milima ya Uswidi, baada ya siku kadhaa za theluji mpya, hali hugeuka kinyume. Mkanda mfupi huzunguka bila kushika, huchimba shimo na kujizika. Hapa huhitajika urefu wa inchi 154 hadi 165 au zaidi, na meno ya milimita 64 hadi 76 yaliyo laini na yenye nafasi kubwa kati ya safu. Nafasi hiyo huruhusu theluji nyingi kusukumwa kwa mara moja, na ulaini wa meno huyasaidia yasikate tabaka linalobeba pikipiki.

Mtu angetarajia kwamba mkanda wa milimani uwe pia mpana kuliko yote. Sivyo. Mpandaji wa milimani huelekeza pikipiki kwa kuilaza ubavu, na mkanda mpana sana hukataa kulala. Ndiyo maana pikipiki hizo hubaki na upana wa sentimita 38 hadi 41 na kutafuta eneo la kugusa kwa njia ya urefu.

Mkanda wa milimani unamfikisha mpandaji mahali ambapo ule mfupi ungemkatalia, na humo ndimo lilipo tatizo. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45. Anayenunua mkanda huo ananunua pia wajibu wa kusoma tahadhari za maporomoko kabla ya kila safari, na wa kubeba kifaa cha kutoa mawimbi ya redio, koleo na fimbo ya kutafutia mtu aliyefukiwa.

Mizigo na uji wa ziwani

Wafugaji wa reinidia, wavuvi na wanaosafirisha kuni hawatafuti kasi wala kilele. Wao huchagua mkanda wenye upana wa sentimita 51 au 61, mrefu, wenye meno ya wastani ya milimita 32 hadi 38. Mkanda huo hauzami sana hata ukivuta sleji yenye mzigo mzito. Pikipiki nyingi za namna hii zina reli zenye bawaba, ili sehemu ya nyuma ya mkanda ijiinue pikipiki inaporudi kinyumenyume badala ya kuchimba. Kwa familia inayokwenda kuvua samaki na watoto wakiwa kwenye sleji, mashine hii isiyo na mvuto machoni mara nyingi ndiyo inayofaa kuliko zote.

Sababu kubwa ni kile ambacho Wafini hukiita uhku na Waswidi hukiita stöp. Theluji nzito ikilala juu ya ziwa, barafu hulemewa na kushuka, na maji hupanda kupitia nyufa. Theluji iliyo juu huyafunika kama blanketi yasigande. Kwa macho, ziwa ni jeupe na tulivu. Chini yake kuna uji wa theluji na maji. Pikipiki ikiingia humo hupungua mwendo ghafla, na ikisimama, uji huanza kuganda ukiushika mkanda.

Wazoefu hufuata kanuni chache. Wakiona alama za njia zao nyuma zimegeuka kijivu, hawasimami. Hushikilia mwendo na kuelekea ufukweni au kurudi kwenye alama za pikipiki iliyopita kabla yao, kwa kuwa huko theluji imeshindiliwa na maji yameganda. Hawageuki kwa ghafla. Wakifika pakavu, huinua sehemu ya nyuma ya pikipiki na kukung'uta uji wote kabla haujaganda. Usiku huiegesha juu ya matawi au vipande vya mbao, ili mkanda usigande ukashikamana na ardhi. Anayewasha asubuhi na kulazimisha mkanda ulioganda aweza kung'oa meno yake.

Ganda la majira ya kuchipua

Mwezi wa Aprili huleta hali inayopendwa na wengi. Jua huyeyusha uso wa theluji mchana, baridi ya usiku huugandisha, na asubuhi huwa na ganda gumu ambalo Waswidi hukiita skare. Wafini wana neno hankikanto kwa uwezo wa ganda hilo kubeba mtu. Kilpisjärvi, penye pembe ya Ufini inayopakana na Norwei na Uswidi, hali hii huweza kuendelea hadi mwezi wa Mei.

Saa mbili asubuhi mkanda wowote hupita. Saa nane mchana ganda hilohilo huvunjika, na chini yake kuna chembechembe zisizoshikamana ambamo mkanda mfupi huzama mara moja. Safari ya Aprili kwa hiyo hupangwa kwa saa: huanza alfajiri na kumalizika kabla jua halijalainisha njia ya kurudia. Kwa anayetaka mkanda mmoja kwa msimu mzima, ule wa kati wa inchi 137 hadi 146 wenye meno ya milimita 35 hadi 44 ndio mapatano ya kawaida. Hautakuwa bora popote, lakini hautamwangusha mtu vibaya kwenye njia wala kwenye theluji ya wastani.

Sheria huchagua kabla ya theluji

Kosa la kawaida la mnunuzi mpya ni kununua mkanda kwa ajili ya siku anayoiota badala ya siku atakazopanda kweli. Sheria husaidia kuona tofauti hiyo. Nchini Uswidi inaruhusiwa kuendesha kwenye ardhi iliyofunikwa na theluji mradi msitu na ardhi visidhurike, lakini katika maeneo kadhaa ya milima yaliyowekewa masharti, pikipiki hazitakiwi kutoka nje ya njia zilizowekwa alama. Kasi haipaswi kuzidi kilomita 70 kwa saa, na waliopata leseni ya gari kuanzia mwaka 2000 wanahitaji cheti maalumu cha pikipiki ya theluji.

Nchini Ufini, kuendesha nje ya njia rasmi kunahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, ilhali maziwa yaliyoganda kwa kawaida yako wazi. Ukomo wa kasi ni kilomita 60 kwa saa ardhini na 80 kwenye barafu ya maji. Mtu anayeishi Norwei, ambaye nyumbani atapita kwenye njia za manispaa na ng'ambo atapita kwenye njia rasmi, atakuwa juu ya theluji iliyosawazishwa karibu wakati wote. Mkanda wa inchi 165 utamgharimu fedha zaidi na kumpa udhibiti mdogo zaidi.

Kabla ya kulipia iliyotumika

Wengi hununua pikipiki iliyokwisha kutumika, na wengine hudhani kwamba mkanda usiofaa utabadilishwa baadaye kwa urahisi. Urefu wa mkanda lazima ulingane na reli. Nafasi kati ya safu za meno lazima ilingane na spoketi. Meno marefu kupita kiasi yatagonga vipozeo vilivyo juu yake. Kubadilisha aina ya mkanda mara nyingi humaanisha kubadilisha vitu vitatu au vinne pamoja nao.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji fundi. Pikipiki huinuliwa nyuma, na mkanda huzungushwa kwa mkono hadi umalize duara. Mkaguzi hutazama meno yaliyokatika, nyufa kwenye mpira, nyuzi zilizochomoza kando na fito zilizovunjika. Mkanda uliolika meno ni sawa na tairi kipara. Kisha hutazama mkazo: uliolegea huruka kwenye spoketi na hukwaruza mwili wa pikipiki, uliokazwa mno hula nguvu ya injini na kuchakaza reli. Kipimo sahihi kimeandikwa katika kitabu cha mashine hiyo.

Muuzaji huulizwa maswali mawili: pikipiki ilipandwa wapi, na ilivuta nini. Mnunuzi naye hujiuliza mengine mawili: atapanda wapi kwa siku nyingi za msimu, na atakuwa na nani nyuma yake. Akishayajibu hayo kwa ukweli, vipimo vya mkanda hubaki vichache, na ndipo mazungumzo kuhusu injini na bei yanapoweza kuanza.